Masafa ni Yale Yale, Zilizopungua ni Saa

Wazee wetu wa pwani hawakuwa wakiuliza, "Kutoka hapa mpaka pale ni maili ngapi?" Suali lao lilikuwa, "Ni mwendo wa siku ngapi?" Na jawabu haikuwa moja. Kutoka Mombasa kwenda Maskati ni majuma machache iwapo kusi limeshika sawasawa, na ni miezi iwapo mtu amechelewa akakosa musimu, kwani hapo itambidi atie nanga angoje upepo ugeuke. Bahari ni ile ile, chombo ni kile kile, nahodha ni yule yule. Ila safari, kwa hisabu ya wazee, yaweza kurefuka au kufupika kwa amri isiyokuwa ya mwanadamu.

Siku hizi tumeiacha hisabu ya siku, tumeshika hisabu ya saa. Muulize kijana yeyote wa Nakuru London iko umbali gani, naye hatakutajia maili. Atakwambia ni saa nane na nusu, au tisa, kutoka Nairobi. Dubai atakwambia ni saa tano. Jidda hazipati nne. Asema hivyo kwa wepesi, kama kwamba mtu akitaka huondoka tu akaenda.

Makala haya yataka kuitazama hisabu hiyo kutoka mahali ambapo hapana bahari wala bandari, nako ni Bonde la Ufa, baina ya Nakuru na Naivasha. Sisi watu wa pwani tumezoea kuamini kuwa safari za mbali ni habari yetu sisi na majahazi yetu. Lakini huko bara, kando ya ziwa lililo juu ya milima, ndiko kunakoonekana wazi zaidi jinsi miji miwili iliyo mbalimbali inavyosogezwa pamoja. Na tukitazama vyema tutaona kuwa kila njia inapofupishwa, kuna mtu aliyelipa, na mara nyingi si yule aliyesafiri.

MAKAMBI YA WAPAGAZI

Mstari ulionyooka kutoka Mombasa mpaka Nakuru haufiki kilomita 600. Lakini yapata miaka mia na arubaini iliyopita njia hiyo ilihesabiwa kwa makambi. Msafara wa wapagazi, kila mmoja na mzigo wake kichwani au begani, ulikwenda maili kumi, labda kumi na tano siku ikiwa njema. Na siku njema hazikuwa nyingi. Palikuwa na nyika ya Taru isiyo maji, palikuwa na homa, palikuwa na hongo ya kuwalipa wenye nchi, na palikuwa na Wamaasai, ambao mtu hakupita kwao ila kwa ridhaa yao. Majina yenyewe ya huko ni ya Kimaasai: Nakuru yasemekana maana yake ni mahali pa vumbi, na Naivasha ni maji yanayochafuka, kwa sababu ya pepo zinazolivuruga ziwa ghafla.

Waliozijua njia hizo walikuwa watu wetu. Joseph Thomson alipokwenda Naivasha na Baringo katika 1883, na Samuel Teleki wa Hungary alipopita Umaasaini katika 1887 na 1888, wote wawili walifaidika kwa maarifa ya Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani, ambaye alikuwa amekwisha kuzizoea nchi hizo kabla wageni hao hawajazichora katika ramani zao. Vitabu vikatoka Ulaya vikiwa na majina ya Thomson na Teleki juu. Kimameta yumo ndani, kurasa za katikati.

Kisha ikaja reli. Ilianza Mombasa katika 1896, ikafika Nairobi 1899, ikafika Nakuru 1900, na Desemba 1901 ikagusa maji ya ziwa huko Kisumu. Safari ya majuma ikawa ya siku mbili tatu. Furaha ikawa kubwa, na ilistahiki. Lakini katika wale vibarua wa Kihindi wapatao 32,000 walioletwa kuijenga, karibu 2,500 walikufa, na hao ni mbali na Waafrika waliokufa katika kazi hiyo hiyo. Ukizigawa roho hizo kwa urefu wa reli, wapata kama watu wanne kwa kila maili. Hiyo ndiyo nauli ya kwanza, nayo haikuandikwa katika tiketi yoyote.

NDEGE ZILIZOSHUKA MAJINI

Shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianza safari zake za kuja Afrika ya Mashariki mwezi wa Februari 1931, na mwisho wa njia wakati huo ulikuwa Mwanza. Mwaka uliofuata njia ikavutwa mpaka Cape Town. London mpaka Cape Town zilikuwa siku kumi au kumi na moja, na nauli ilikuwa pauni 130, fedha ambazo mtu wa kawaida wa zama hizo, awe wa Mombasa au wa Manchester, hakuwa na matumaini ya kuzishika kwa pamoja. Ndege za siku hizo zilikwenda mchana. Usiku abiria waliteremshwa, wakala, wakalala hotelini, kisha alfajiri wakaendelea. Hata Mzungu mwenye pauni 130, basi, alikuwa akisafiri kwa makambi kama Jumbe Kimameta, ila makambi yake yalikuwa na vitanda na mashuka.

Katika 1937 zikaja ndege za namna nyingine, ndege za majini. Tumbo lake lilikuwa kama la chombo. Zilishuka juu ya maji na kuondoka juu ya maji. Maana yake ilikuwa nyepesi kufahamu. Viwanja vya ndege vya Afrika wakati huo vilikuwa vya udongo na majani, mvua ikinyesha ni matope matupu. Lakini ziwa na bandari havina matope. Yeye aliye na maji matulivu na marefu amekwisha kupata uwanja, hana haja ya kuujenga.

Ndege hizo zilitoka Southampton, zikavuka Bahari ya Kati, zikafuata mto wa Nile kupita Khartoum, zikaja Port Bell na Kisumu. Kisha zikateremka kwetu Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, zikaendelea Msumbiji na Beira mpaka Durban. Safari nzima ilikuwa ya siku kama sita. Abiria hawakuzidi 24, na mzigo mkubwa ulikuwa ni barua. Kuanzia Juni 1937 barua ya nusu aunsi ilikwenda kwa ndege kwa peni moja na nusu tu, na hapo ndipo watu wasiokuwa na pauni 130 walipopata nao faida ndogo: mwili haukuweza kupanda, lakini salamu ziliweza.

Lisidhaniwe kuwa mambo yalikwenda kwa ratiba siku zote. Machi 1939 ndege moja ya jamii hiyo, jina lake Corsair, ilipotea njia ikitoka Port Bell kuelekea Juba, kwa hitilafu ya chombo cha kuonyeshea njia. Petroli ikakaribia kwisha, rubani akaishusha katika mto mwembamba wa Dungu, mashariki ya Kongo. Abiria walisalimika wote. Lakini kuitoa ndege ndiko kulikokuwa na kazi. Waliitengeneza, ikajaribu kuruka, ikapasuka tena. Mwisho yakajengwa maboma ya kuzuia maji ili mto ujae, na Januari 1940, baada ya miezi kumi, ikaruka. Watu wa vijiji vya karibu ndio waliofanya kazi ya kujenga boma hilo kwa mikono yao, ili ndege ya watu wengine iweze kuwahi.

NAIVASHA YAWA BANDARI

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, shirika la BOAC, lililorithi njia za Imperial Airways, lilileta ndege kubwa zaidi za majini ziitwazo Solent, zenye nafasi ya abiria 34, orofa mbili ndani yake. Nairobi haina maji ya kushushia chombo kama hicho. Basi likachaguliwa ziwa la Naivasha, na mwishoni mwa miaka ya 1940 ziwa hilo, lililo mamia ya kilomita kutoka baharini, likawa bandari ya Nairobi. Abiria aliyepanda Southampton aliteremka kwa mashua katikati ya viboko na mafunjo, kisha akapanda gari kwenda Nairobi, kilomita 90 hivi, kwa kupanda ukuta wa Bonde. Barabara ya kupanda ukuta huo ilikuwa imetengenezwa na mateka wa Kitaliano wakati wa vita, na kanisa dogo walilolijenga katika 1942 lingalipo kando ya njia karibu na Mai Mahiu. Hata hapo, msomaji, waona: waliofupisha njia walikuwa wafungwa.

Yafaa pia kusema neno juu ya kazi ya rubani mahali kama hapo. Ziwa la Naivasha liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi. Ndege huinuliwa na hewa inayopita chini na juu ya bawa, na hewa ikiwa nyepesi bawa halipati cha kushika. Hapo yabidi ndege ikimbie mbio zaidi na mbali zaidi ndipo iinuke, na injini nayo hupungukiwa nguvu. Jambo hilo halikwisha na ndege za majini. Mpaka leo ndege inayoondoka Nairobi, mita 1,600 na zaidi juu ya bahari, hasa mchana wa joto, yabidi ihesabiwe uzito wake kwa uangalifu kuliko inayoondoka Mombasa. Masafa katika anga si urefu peke yake; ni uzito, ni joto, na ni kimo cha mahali unapoanzia.

Mwaka 1950 ndege za majini zikaiaga njia ya Afrika. Vita vilikuwa vimeacha viwanja vya saruji kila mahali, na ndege za magurudumu zikawa nyepesi kuendesha na rahisi kutunza. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet, ya kwanza ya jeti kuchukua abiria kwa nauli, iliondoka London ikafika Johannesburg katika muda usiozidi saa 24. Mwaka 1958 ukafunguliwa uwanja wa Embakasi, ambao baadaye uliitwa kwa jina la Jomo Kenyatta. Naivasha ikarudia viboko vyake. Kwa muda.

BINTI WA NJORO

Huwezi kuzungumza juu ya Nakuru na anga ukaacha kumtaja Beryl Markham. Aliletwa kutoka Uingereza akiwa mtoto mdogo, akakulia Njoro, mwendo mfupi tu kutoka Nakuru, katika shamba la baba yake aliyekuwa akifuga farasi. Kiswahili na Kinandi alivijua tangu utotoni. Akajifunza urubani Kenya, akazoea kuruka peke yake katika ndege ndogo kutoka Nairobi mpaka Uingereza, siku kadha juu ya jangwa na mabwawa ya Nile.

Mnamo tarehe 4 Septemba 1936, jioni, aliondoka Uingereza peke yake kuivuka bahari ya Atlantiki kwenda magharibi, dhidi ya upepo. Akakaa angani saa ishirini na zaidi. Karibu na mwisho petroli ikakataa kupita kwa sababu ya barafu, naye akaishusha ndege katika bwawa la matope huko Nova Scotia, Kanada. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka bahari hiyo peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Alifariki Nairobi katika 1986.

Wako wasemao kuwa huyo alikuwa mtoto wa mlowezi, na mambo hayo yalimwezekania kwa kuwa alikuwa na shamba nyuma yake na marafiki matajiri mbele yake. Ni kweli. Watoto wa Kinandi aliocheza nao hapo Njoro hakuna aliyewauliza kama wangependa kuruka. Lakini saa zile ishirini usiku, juu ya maji meusi, hakuna aliyemsaidia kuzihesabu. Haki ya mtu ni kupewa yote mawili.

WANAZUONI WALIKWISHA KUSEMA

Sasa turudi katika hisabu. Ndege ikifupisha saa, je, imefupisha na masafa? Suali hili kwetu sisi si la mchezo, kwani ibada ya msafiri imefungamana nalo. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, msafiri huruhusiwa kupunguza sala iwapo safari yake yafika marhala mbili, nazo kwa vipimo vya leo hukadiriwa baina ya kilomita 80 na 90. Marhala moja ni mwendo wa siku moja wa ngamia aliyebeba mzigo.

Mtu wa leo aweza kusema: ikiwa kipimo ni siku mbili za ngamia, na mimi nimekwenda kwa dakika kumi, nimekuwa msafiri gani? Wanazuoni walilijibu jambo hilo karne nyingi kabla ya eropleni. Walisema kuwa kinachotazamwa ni masafa, si muda. Hata mtu wa baharini akiyakata masafa hayo kwa saa moja, yeye ni msafiri. Basi anayetoka Nakuru kwenda Nairobi, kilomita 160, ni msafiri hata kama gari lake lina mbio. Na anayetoka Nakuru kwenda Naivasha, ambako hapafiki kilomita 80, si msafiri wa kupunguza sala, hata kama gari bovu limemlaza njiani.

Ndani ya hukumu hiyo mna hekima inayozidi bao la sala. Yatukumbusha kuwa wepesi wa chombo hauiondoi safari. Mtu aliyeamka nyumbani kwake na akalala nchi nyingine ametengana na watu wake, hata kama hakuchoka miguu.

Na tazama ajabu nyingine. Mombasa na Makka ziko karibu sawasawa katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Ndiyo maana kibla kwetu ni kaskazini, na wengi wa pwani wakitaka kusema kaskazini husema kibla. Mstari wa moja kwa moja ni kilomita 2,800 na kitu. Saa ya Mombasa na saa ya Makka ni moja. Jua likizama kwetu, halikawii kuzama kule. Aliyeko Nakuru naye huelekea kaskazini, ila hupinda kidogo mashariki. Kwa ndege, Nairobi mpaka Jidda ni chini ya saa nne. Kwa babu zetu waliokwenda kuhiji kwa vyombo vya matanga ilikuwa ni kuaga kwa kweli, kulipa madeni na kuandika wasia.

WARIDI LISILOKUBALI KUNGOJA

Naivasha ilirudia viboko vyake kwa muda, tulisema. Tangu miaka ya 1970 ilianza kupata kazi nyingine: kuotesha maua ya kuuza Ulaya. Mahali penyewe ni kama pameumbwa kwa kazi hiyo. Maji ya ziwa si ya chumvi kama ya Nakuru. Ikweta iko karibu, basi jua ni la saa kumi na mbili mwaka mzima. Kimo chafanya usiku uwe wa baridi, na waridi hupenda hivyo. Na uwanja wa ndege hauko mbali.

Waridi likishakatwa huanza kufa. Biashara yote ni kuyafukuza mauti hayo yasiliwahi. Hukatwa asubuhi, hupangwa kwa urefu, huingizwa katika vyumba vya baridi. Jioni malori yenye baridi huyapeleka Nairobi. Usiku hupakiwa katika ndege. Na baada ya saa nane au zaidi kidogo, kilomita 6,700 hivi, yako Amsterdam. Karibu na huko, Aalsmeer, ndiko kwenye soko kuu la mnada wa maua, ambalo hufunguliwa alfajiri. Kwa siku mbili tatu waridi lililokatwa Naivasha liko mezani kwa mtu wa Ujerumani.

Msomaji afikiri. Mikono iliyolikata ni, mara nyingi, ya mwanamke aliyekuja Naivasha kutafuta kibarua kutoka magharibi ya Kenya au kutoka kwingineko. Nyumbani kwake ni mwendo wa siku moja kwa basi, na huenda mara moja kwa mwaka, Krismasi au Idi, akijaaliwa nauli. Ua lake lafika Amsterdam mapema kuliko yeye afikavyo kwa mama yake. Na yeye Amsterdam hawezi kwenda kabisa. Si kwa sababu ya kilomita 6,700, bali kwa sababu ya viza.

Aprili 2010 ikaonekana jinsi maisha ya watu hao yalivyofungwa kwa uzi wa saa. Mlima wa moto ulilipuka Iceland, nchi ambayo wengi wa Naivasha hawakuwa wamewahi kuisikia. Majivu yakatanda, na anga ya Ulaya ikafungwa siku kadha. Vyumba vya baridi vya Nairobi vikajaa mpaka milangoni. Maua yakatupwa kwa matani na mengine wakalishwa ng'ombe, na maelfu ya vibarua wakaambiwa wakae nyumbani mpaka ndege ziruke. Miaka kumi baadaye, Machi 2020, maradhi ya korona yalipofunga Ulaya, mambo yakawa yale yale kwa ukubwa zaidi.

Kisha Aprili 2023 vita vikazuka Sudan. Ndege nyingi baina ya Nairobi na Ulaya zikalazimika kuizunguka anga ya nchi hiyo, na dakika zikaongezeka katika safari. Khartoum, ambako abiria wa 1937 walilala usiku wao hotelini wakangoja alfajiri, ikawa mji ambao ndege hata juu yake hazikupita. Ramani haikubadilika hata kidole kimoja. Lakini masafa yalirefuka, kama yalivyorefuka kwa nahodha aliyekosa kusi.

KURUDI BAHARINI

Sasa tusikilize habari inayotuhusu sisi wa pwani. Ndege ni ghali na hula mafuta mengi, na wanunuzi wa Ulaya wameanza kuuliza juu ya moshi wake. Hivyo miaka ya karibuni wenye mashamba wamekuwa wakipeleka sehemu ya maua yao kwa meli. Maua huwekwa katika makontena ya baridi, karibu na nyuzi 0, yakalala usingizi. Huteremshwa Mombasa kwa lori au kwa reli mpya, iliyofika Nairobi katika 2017 na Bonde la Ufa katika 2019. Kisha husafirishwa kwa mwezi mmoja hivi mpaka Ulaya. Waridi lililokuwa likikimbizwa kwa saa nane sasa lakwenda kwa siku thalathini, na likiangaliwa vyema hufika salama.

Katika mwisho wa 2023 njia hiyo nayo ikapata msukosuko. Meli zilishambuliwa katika Bahari ya Sham, na makampuni mengi yakaiepuka Bab el Mandeb, yakazunguka Rasi ya Tumaini Jema, siku kumi mpaka kumi na nne zaidi. Mtu aweza kudhani ni hasara tupu. Lakini mzee yeyote wa Lamu angalitabasamu. Kukaa Mombasa ukasikiliza habari za Bab el Mandeb kabla ya kung'oa nanga, kupima kama kungoja ni bora au kuzunguka, hiyo ndiyo elimu waliyoijua babu zake.

Jambo la mwisho ni zito kuliko maua. Wako mabinti wa Mombasa, Malindi, Nakuru na Naivasha waliopanda ndege kwenda Bara Arabu kufanya kazi za nyumbani. Kwa saa ni karibu: Jidda hazipati nne, Dubai ni tano. Mama yake humwaga kwa moyo mwepesi kwa kuwa ameambiwa si mbali. Wengi hufika salama, wakatuma fedha, wakajenga. Lakini wamekuwako, na kesi zao zimejulikana, waliofika wakanyang'anywa hati ya kusafiria na simu, chini ya mtindo wa kafala uliomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake. Kwa binti kama huyo Jidda iko mbali kuliko Kongo ilivyokuwa mbali kwa mpagazi. Mpagazi aliijua njia ya kurudi. Aliikanyaga kwa miguu yake. Binti ameruka usiku juu ya mawingu, na hakuona hata hatua moja ya njia iliyompeleka.

Ndiyo maana suali la wazee, "Ni mwendo wa siku ngapi?", si suali la watu wasiokuwa na elimu. Ndani yake mlikuwa na maswali mengine: upepo gani, chombo cha nani, nani nahodha, na atarudi kwa musimu upi. Saa za ndege zajibu suali moja tu katika hayo. Basi mzazi anayeambiwa kuwa mahali pa kazi ya mwanawe ni mwendo wa saa nne, na ayaulize na yale mengine kabla ya kutia sahihi: hati itakaa mkononi mwa nani, tiketi ya kurudi italipwa na nani, na simu itapigwa siku gani. Kilomita hazijapungua hata moja tangu zama za Jumbe Kimameta.